Siku ya kwanza Istanbul: mzigo wa Laleli hautakimbia, tembea kwanza

Dada wa Mwanjelwa
Habari za jioni wakuu, wana Mbeya na Nyanda za Juu kwa ujumla. Kuna mdogo wangu humu kaniuliza inboksi, anaenda Uturuki kufata nguo na nje ya nchi hajawahi kufika zaidi ya Nakonde pale ng'ambo ya Tunduma, anauliza akishuka tu afanye nini. Nimeona nijibu hapa hapa maana wanaoulizaga hili swali ni wengi alafu kila mmoja naanza upya.

Jibu langu ni moja, siku ya kwanza usiguse mzigo. Tembea. Najua kuna wazee wa biashara watanirukia ila nisikilizeni kwanza. Umetoka Mbeya kwa basi au umepanda ndege Songwe, ukaunganisha Dar, ukakaa angani masaa saba na ushee, unafika pale kichwa hakipo. Saa zao na zetu ni sawa kabisa kwahiyo hakuna ile ya kulala mchana na kukesha usiku, lakini uchovu upo, na mtu aliyechoka akiingizwa duka la jumla anasema ndiyo kwa kila kitu. Pili hela yao bado hujaizoea, mtu akikutajia bei kwa lira wewe unashika simu unapiga hesabu huku yeye anakuangalia usoni. Sasa hiyo aibu bora ukaimalizie kwenye kununua maji na mkate kuliko kwenye kununua magauni.

Wengi wetu tunafikia Laleli au Aksaray maana ndo maduka yalipo. Hapo una bahati kubwa ambayo watu hawaijui, mji wote wa zamani uko mbele yako kwa miguu. Toka hotelini, tafuta reli ya tramu T1, ifate tu kuelekea upande wa Sultanahmet. Hupotei hata kwa bahati mbaya. Unapita uwanja wa Beyazıt wenye lile geti kubwa la chuo kikuu, mbele kidogo njia ya kuingilia Soko Kuu la kufunikwa, afu unakuta nguzo ndefu imekaa peke yake imefungwa pete za chuma. Hiyo nguzo ilisimamishwa na Konstantino mwenyewe, mfalme wa Warumi, mwaka 330 alipoufanya huu mji kuwa makao yake makuu. Watu wanaipita wakiwa na mifuko ya nguo wala hawaiangalii, na mimi niliwahi kusimama pale naishangaa mpaka kijana mmoja muuza maji akaanza kuangalia juu na yeye aone kuna nini.

Nakuja na mwendelezo, ngoja nifunge duka.

Kalobe Boy
Nimekaa siti ya dirishani. Tiririka dada.

Mzee wa Kago
Dada yangu nakuheshimu sana ila hapa unampoteza mtoto. Hoteli inalipiwa kwa usiku. Kila siku unayotembea kuangalia minara ni siku umelipia kitanda, umelipia chakula na mzigo haujafungwa. Mimi utaratibu wangu: nikifika naoga, naingia Laleli, nanunua, napeleka kago inapimwa kilo, nikishapata risiti yangu mkononi ndo nageuka mtalii. Kama hela imebaki. Isipobaki nimeiona Istanbul kupitia kioo cha basi la eapoti inatosha.

Kabwe Mataa
Mzee wa Kago 😂😂 ndo maana ukirudi ukiulizwa Uturuki kukoje unajibu "kuna blauzi nzuri"

Mzee wa Kago
Na ndizo zilizosomesha wanangu, kijana.

Dada wa Mwanjelwa
Nimerudi. Mzee wangu nitakujibu, subiri kidogo nimalize njia.

Ukiifata reli unatokea Sultanahmet. Kushoto kwako Ayasofya, kulia Msikiti wa Bluu, katikati bustani na watu wa dunia nzima wanapiga picha. Ayasofya ilijengwa kama kanisa, mfalme Justinian, ikamalizika 537, yani miaka mitano tu tangu waanze. Sultan Mehmed alipouteka mji 1453 ikawa msikiti, baadae ikageuzwa makumbusho miaka ya thelathini, na 2020 ikarudishwa kuwa msikiti. Kuba lake lina upana wa mita 31 hivi na linakaa juu zaidi ya mita 50, mtu aliyezoea kanisa la bati anasimama mlangoni anasahau kufunga mdomo.

Sasa hela. Tangu mwanzoni mwa 2024 mtalii anayekwenda kuangalia analipa euro 25 na anapelekwa ghorofani kwenye roshani, chini ni kwa wanaosali. Euro 25 ni elfu sabini na kitu ya kwetu. Hapa nakubaliana na Mzee wa Kago nusu: kama mtaji wako unaupima kwa jicho, usiingie siku ya kwanza, ione kwa nje, kwa nje hakuna anayekudai. Vuka bustani nenda Msikiti wa Bluu, huo ni bure. Ulijengwa na Sultan Ahmed kuanzia 1609 mpaka 1616, una minara sita. Jina linawachanganya watu wanafika wanautafuta ubluu kwa nje, kwa nje ni wa kijivu, ubluu uko ndani kwenye vigae, zaidi ya elfu ishirini, vimechorwa maua maua kwa mkono. Wanawake bebeni khanga au mtandio kutoka nyumbani, vya kuazima vipo ila foleni yake sasa, na vimepita vichwa vingi. Wakati wa swala watalii wanatolewa, mnasubiri nje.

Na pale pembeni ya msikiti ndo kuna kitu mimi nakipenda kuliko vyote na ni cha bure. Kuna uwanja mrefu, zamani walikuwa wanashindanisha magari ya farasi, sasa hivi watu wanakaa kwenye mabenchi na watoto wanakimbia. Katikati kuna jiwe moja refu la pinki pinki limesimama, limechongwa ndege, macho, mikono, nyoka. Lilitoka Misri, hekalu la Karnak, lilichongwa enzi za Farao Thutmose wa Tatu, zaidi ya miaka 3,400 iliyopita. Likaja kusimamishwa hapo mwaka 390. Nendeni karibu muangalie ile michoro, kingo zake bado kali utadhani fundi katoka kunawa mikono. Chini kwenye kitako chake Warumi nao wamechonga picha ya mfalme wao anaangalia mashindano, na hiyo ya juzi juzi ndo imelika lika na mvua, ya Misri ya zamani zaidi bado iko sawa. Nilikaa hapo nakula mkate wao wa ufuta wa duara, simit, nikasema we Mwafrika mwenzangu umekaa kwenye baridi hii muda wote huo.

Ustaadh wa Tukuyu
Assalaam alaykum. Niongezee kidogo kwa ndugu Waislamu. Kama umeenda kusali Ayasofya unaingia mlango wa wanaosali, hulipi kitu, ila nenda kwa nia hiyo sio kwenda kukwepa tiketi, wanajua. Na ukiweza kaa kwenye ile bustani ya katikati wakati wa adhana. Muadhini wa Msikiti wa Bluu anaanza sentensi ananyamaza, wa Ayasofya anajibu, ananyamaza, anarudi yule wa kwanza. Wanapokezana hivyo mpaka mwisho. Nilikuwa na mfanyabiashara mwenzangu Mmoraviani wa Rungwe, alikuwa ananung'unika miguu inauma, akanyamaza kimya mpaka ilipokwisha.
Ijumaa mchana watalii hawaingii mpaka baada ya swala, msipange kutembea misikiti muda huo.

Kabwe Mataa
Tahadhari moja wakuu kabla hamjajaa raha. Ukiwa unatembea maeneo hayo na kuelekea Galata kuna jamaa wa kung'arisha viatu anapita mbele yako na boksi lake, brashi inadondoka. Wewe kwa malezi yako ya Mbeya unaiokota unamkimbilia "kaka, kaka". Anashukuru sana, anakushika mkono, anasema kwa ajili ya wema wako nakung'arishia bure, anaanza kusimulia mtoto anaumwa, akimaliza bei anayotaja ni ya kununua kiatu kingine. Mshkaji wangu alikuwa amevaa raba za kitambaa, RABA, na akang'arishwa. Ukiona brashi imedondoka we endelea na safari yako, ataigeukia mwenyewe.
Na wale wa jioni Taksim, "my friend unatoka wapi, twende tukanywe kidogo", hao ndo kabisa. Bili yake itakumaliza mtaji.

Kalobe Boy
Raba za kitambaa 😂😂😂 nimecheka mpaka boda kageuka

Mkulima wa Katumba
Mimi nina swali la chai, sisi huku ndo maisha yetu. Nasikia wale jamaa wanakunywa kuliko Waingereza?

Dada wa Mwanjelwa
Kuliko watu wote duniani ukigawa kwa kichwa kimoja kimoja. Wanalima wenyewe, upande wa Rize kule Bahari Nyeusi. Inakuja kwenye kibilauri kidogo kimebana kiunoni, nyekundu nyekundu, vipande viwili vya sukari pembeni, maziwa hakuna hata uombe. Na hapa ndo namjibu Mzee wa Kago: Laleli ukiingia duka la jumla jambo la kwanza unaletewa chai. Ukiwa mgeni kabisa unajiona umeshakunywa chai ya mtu kwahiyo lazima ununue. Ukishakuwa umetembea siku nzima na umekunywa chai kila kona unajua ile ni salamu tu, unakunywa, unashukuru, unatoka unakwenda duka la pili kulinganisha bei. Hiyo ndo faida ya kutembea kwanza, na inaonekana kwenye bei ya gauni.

Mzee wa Kago
Hapo kwenye chai umenikamata kidogo. Endelea.

Dada wa Mwanjelwa
Mchana ukishachoka minara panda T1 au teremka kwa miguu mpaka Eminönü, kwenye maji. Kadi ya usafiri inaitwa Istanbulkart, unaijazia hela kwenye mashine, ndo hiyo hiyo tramu, metro, basi, feri. Mkiwa wawili watatu mnaweza tumia moja unaigonga kwa kila mtu. Nauli inabadilika badilika kwahiyo sitaji, ila ni hela ndogo.

Pale kuna daraja la Galata, juu limepangwa wavuvi mwanzo mwisho na fimbo zao, wazee kwa vijana, kila mmoja na ndoo yake ya plastiki ya vijisamaki vidogo. Kuna mzee alikuwa na samaki watatu tu kwenye ndoo, paka mmoja kakaa pembeni yake katulia, yule mzee akavuta wa nne akamuangalia paka, akamtupia. Paka kule ni raia, wanalala mpaka kwenye viti vya madukani na hakuna anayewafukuza.

Sasa usipande boti za watalii wanaokuita kwa kelele. Ingia feri ya wananchi ya kwenda Kadıköy, gonga kadi, panda juu ukae nje. Dakika 20 hivi umetoka Ulaya umeingia Asia. Nyuma yako unaiona ile mistari yote ya minara uliyokuwa unaizunguka asubuhi kwa miguu, Topkapı lile kasri la masultani, Ayasofya, Msikiti wa Bluu, imepangika juu ya kilima, na hapo ndo kwa mara ya kwanza unaelewa mji umekaaje. Kushoto mkondo wa Bosporasi na lile daraja la kwanza la kuning'inia la 1973. Wanauza chai humo humo ndani ya feri. Watu wanatupia ndege wa baharini vipande vya mkate wanadaka hewani. Karibu na kushuka unaona jengo kubwa limekaa ukingoni kabisa mwa maji, stesheni ya Haydarpaşa, ya 1909, sisi watoto wa TAZARA tukiona stesheni lazima tuulize treni inaenda wapi, ndo ilikuwa mwanzo wa reli ya kwenda huko Anatolia na Baghdad.

Hiyo feri ukiniambia nichague kitu kimoja tu cha siku ya kwanza nachagua hiyo, na Ayasofya isubiri.

Mhehe wa Kalenga
Kamwene wakubwa. Mimi nasoma hapa Istanbul naomba niongezee maana naona mnaongea vizuri. Upande wa pili wa daraja ni Karaköy, kutoka pale mpaka mnara wa Galata ni mlima, na ni mlima kweli, watu wa Mbeya ni kama mmetoka kupanda Loleza ila na lami na maduka pembeni. Huo mnara ulijengwa na watu wa Genoa 1348. Ukichoka kuna treni fupi ya chini ya ardhi inaitwa Tünel, ni ya 1875, duniani ya London peke yake ndo iliitangulia. Inakushusha mwanzo wa barabara ya Istiklal, haina magari, ni watu tu na kitramu chekundu cha kizamani, unatembea kilomita moja na nusu hivi mpaka Taksim.

Alafu kuna kitu huwa naambia kila Mtanzania anayekuja. Chini ya ile bahari dada anayopita na feri kuna treni, Marmaray, ilianza 29 Oktoba 2013. Na kuna handaki lingine la magari linaitwa Avrasya, lilifunguliwa Desemba 2016, na kampuni iliyolijenga kwa kushirikiana na Wakorea ni Yapı Merkezi, hao hao waliotujengea SGR ya Dar–Moro. Kwahiyo ukipita Pugu ujue mafundi wako wametokea wapi.

Kingine, kama una hela ya kiingilio kimoja tu siku hiyo, mimi siungani na wanaokimbilia Topkapı (tena Jumanne inafungwa). Nenda lile tangi la maji la chini ya ardhi karibu na Ayasofya, la enzi za Justinian huyo huyo. Unashuka ngazi unakuta nguzo 336 zimesimama kwenye giza na maji kidogo chini. Mwisho kabisa kuna nguzo mbili zimekalia vichwa vya mawe vya mwanamke mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kiangazi cha hapa ni kikali, mle ndani ni baridi nzuri.

Simba wa Makambako
Mimi naenda Januari. Baridi vipi? Na chakula? Msinicheke, ugali je?

Kabwe Mataa
Mtu wa Makambako anauliza baridi, dunia imeisha.

Dada wa Mwanjelwa
Baridi ya Makambako ni kavu na jua linatoka mchana. Ile ya Istanbul inatoka baharini na upepo, mvua, siku nyingine theluji, inaingia kwenye mifupa. Koti linalozuia maji, sio lile la sufu peke yake. Ugali hakuna, na kitimoto ya Kabwe utaisahau pia. Ila nisikilize, panda nyuma ya Beyazıt mpaka msikiti wa Süleymaniye, ule wa fundi Sinan ulioisha 1557, kiingilio bure na una uwanja nyuma unaona maji yote. Mbele ya huo msikiti kuna migahawa imepangana inauza kitu kimoja, WALI MAHARAGE. Ndo chakula chao cha kujivunia. Mtu wa Mbeya umesafiri usiku kucha unawekewa sahani ya wali na maharage meupe ya rojo nyekundu na pilipili pembeni. Mchele wetu wa Kyela unanukia zaidi, hilo sibishani na mtu, lakini maharage wanayajua.
Choo: vya barabarani vingi vya kulipia, weka sarafu mfukoni. Hela badilishia mitaani Laleli au karibu na Soko Kuu, eapoti badilisha ya kukufikisha tu.

Binti Ileje
Dada asante, ni mimi niliyeuliza inboksi. Sasa nimechanganyikiwa kidogo, Mzee wa Kago ana hoja ya hoteli na wewe una hoja ya kutembea. Mimi mtaji wangu ni mdogo na nina siku chache, siwezi kuitupa siku ya biashara. Nafanyaje?

Mhehe wa Kalenga
Dada unakata tiketi ya kufika lini?

Binti Ileje
Bado sijakata. Nilikuwa naangalia Jumatatu au Jumanne.

Mhehe wa Kalenga
Kata ya kufika Jumapili asubuhi. Jumapili Laleli maduka mengi ya jumla yamefungwa, Soko Kuu la kufunikwa nalo limefungwa. Hata ungetaka kununua huna pa kununua. Misikiti iko wazi, feri zinatembea, lile tangi liko wazi, soko la viungo Eminönü liko wazi. Hakuna siku ya biashara uliyoitupa hapo.

Ustaadh wa Tukuyu
Kijana wa Kalenga ana akili.

Simba wa Makambako
Na ibada sasa? Jumapili mtu asikose.

Mhehe wa Kalenga
Istiklal kuna kanisa kubwa la Katoliki la Mtakatifu Antoni, la matofali mekundu, Jumapili lina misa ya Kiingereza. Wakristo wa madhehebu mengine naona wanaingia tu wanakaa. Angalia ratiba kabla maana ukifika asubuhi hiyo hiyo unaweza usiiwahi.

Dada wa Mwanjelwa
Binti Ileje fanya hivyo. Fika Jumapili, acha begi mapokezi hata kama chumba bado, fata reli. Jioni ukirudi pitia vioo vya maduka ya Laleli yakiwa yamefungwa, angalia mitindo, piga picha majina ya maduka unayoyapenda. Uliza wenyeji kuhusu seri, maana kule jumla hawakuuzii moja moja wanakuuzia seti yenye saizi zote. Saizi ndogo za seti hizo sokoni kwetu Mwanjelwa hazitoki, hilo tuongee inboksi.

Mzee wa Kago
Haya. Jumapili nakubali, maana nimekuwa nafika Jumatano miaka yote. Lakini binti, Jumatatu saa tatu asubuhi uwe mlangoni umeshakunywa chai yako, na kago usiingie ofisi ya kwanza unayoitiwa barabarani, nitafute nikupe utaratibu wa kilo.

Kalobe Boy
Wakuu na picha?

Dada wa Mwanjelwa
Kesho nikiwa dukani, bando limekata.